Shikamoo ya Jumapili

Kabula tumemzika Chato siku ya Jumanne, nyuma ya nyumba ya mwanawe wa kwanza, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa. Nilitoka Geita kwa basi la asubuhi, nimebeba mchele kwenye mfuko na kanga mbili. Nilipofika niliwakuta wanawake wamekaa uani wanachambua mchele mwingine na kuzungumza, kama inavyokuwa msibani siku ya pili, machozi yakishapungua na njaa ikianza kurudi. Nikavuta kigoda, nikapewa ungo. Mkwe wa marehemu alikuwa anawahadithia wenzake. "Mama enzi zake alikuwa mkimbiaji, mnajua? Alikimbia Dar es Salaam." "Kutoka hapa?" "Weee! Alikwenda kwa treni, akakimbia huko huko. Yeye na mwenzake mmoja wa Shinyanga, mshamba kweli kweli. Wakapotea mjini kutwa nzima, huyo mwenzake akawa anawapigia watu magoti barabarani, aonyeshwe njia." Wakacheka, wakaziba midomo kwa kanga kwa kuwa ni msibani. Nikaweka ungo chini. Nikasema, "Huyo mshamba ni mimi. Na hatukupotea." Yule mkwe akasema, "Shikamoo, mama, nisamehe," nikamwambia marahaba, chambua mchele.

Sikumkasirikia. Yeye aliipokea hadithi hivyo, na aliyeanza kuieneza namjua, nitamfikia. Lakini Kabula hayupo tena wa kunishuhudia, na mimi nikiondoka kitabaki hicho cha kupotea. Basi nitaeleza mwaka ule jinsi ulivyokuwa. Ya kuzaliwa kwangu na ya wazazi wangu hayahusiki, nayaacha.

Ilikuwa miaka ya sabini, ule mwaka wa unga wa njano. Waliokuwapo wanaujua. Mtama ulikaukia shambani, tukaletewa mahindi ya msaada, ya njano, na ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia hata uuleje. Nilikuwa kibarua wa msimu kwenye kinu cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini. Kazi yetu wanawake ilikuwa kukaa kwenye lundo na kutenga pamba safi na pamba fifi, ile chafu, kutwa, vumbi la pamba likitua kichwani, mpaka ikifika saa nne sote tuna mvi kama vikongwe. Tulilala wanane kwenye chumba kimoja cha bati nyuma ya chumba cha mizani. Mikeka minane, misumari minane ukutani ya kutundikia nguo, na jiko moja la mafiga nje ya mlango. Jioni tulisonga ule ugali wa njano tukaula kwa mlenda, na aliyetoka kwao na michembe aliigawa, kipande kimoja kimoja, tukawa tunatafuna viazi vikavu huku tukisimuliana ya makwetu kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kilikuwa cha kazini. Kabula alilala mkeka wa pembeni yangu. Alitoka upande wa Songwa, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu, mwembamba, mrefu, mdomo haujafungwa tangu azaliwe. Mimi alikuwa ananiita dada Minza, na hiyo ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo.

Bati la ukuta lilikuwa jembamba. Yaliyosemwa kwenye mizani tuliyasikia sisi kabla ya aliyeambiwa. Siku moja tunakula, tukamsikia mkubwa mmoja anasema, "Msimu ukiisha hawa wanawake wote warudi makwao. Mwakani tutachukua wengine." Mikono ikasimama kwenye sahani. Kisha tukasikia sauti ya karani wa mizani, ambaye zamani alikuwa askari, na kinu kizima kilimwita Afande. "Na wa mbio, mzee? Tumeambiwa kila kiwanda kipeleke wanawake wawili Dar es Salaam, kwenye mashindano ya wafanyakazi." Mkubwa akasema, "Wapeleke. Atakayeingia kumi wa kwanza nampa ajira ya kudumu, na chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Atakayeshindwa aende kulima kama wenzake." Kabula akanigeukia, ugali mdomoni. "Dada Minza, unaweza kukimbia?" Nikamwambia, "Nimechunga ng'ombe miaka tisa. Unadhani walikuwa wananisubiri?"

Niseme wazi kilichokuwa kinanikaa moyoni. Siku naondoka nyumbani, kaka yangu alilichukua jembe langu akalitundika kwenye mti wa paa, juu, akasema, "Silitumii. Linakusubiri. Utarudi tu." Hakusema kwa ubaya, alisema kwa uhakika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Na kile chumba cha wafanyakazi nilikuwa nimekiona, nilikwenda kumpelekea mtu ujumbe. Kilikuwa na mlango wa mbao na kitasa chenye ufunguo. Nilikuwa sijawahi katika maisha yangu kufunga mlango nikatia ufunguo mfukoni. Basi nilikitaka. Kila nilipofumba macho niliviona vitu viwili, jembe juu ya paa na ule ufunguo.

Tulijaribiwa wanawake kumi na wanne, tukabaki mimi na Kabula. Afande akaanza kutufundisha. Alfajiri, kabla kinu hakijawashwa, tunatoka mjini tunakwenda mpaka Ibadakuli kwenye uwanja wa ndege na kurudi, yeye nyuma yetu na baiskeli, saa mkononi. Na hapo ndipo tatizo langu lilipojulikana. Kwetu huwezi kumpita mzee aliyekaa kwake bila kumsalimia, na mwanamke hasalimii amesimama, anapiga goti. Anayetembea ana safari yake kama wewe, mnasalimiana kwa mdomo mnapishana. Lakini aliyekaa mlangoni kwake, wewe ndiye unayepita kwake. Ukimpita kimya, watauliza umetoka kumroga nani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na njia ya Ibadakuli ina milango, na wazee wanaamka mapema. Nakimbia, namwona mzee anaota moto, nasimama, napiga goti, "Mwangaluka, baba." Naye hawezi kujibu neno moja akaniacha. Ananiuliza ninatoka kwa nani, ng'ombe hawajambo, mvua huko imenyesha. Najibu. Naondoka. Hatua mia mbele, kuna bibi anafagia.

Afande alitokea Kusini, mambo yetu aliyaona kama kichekesho siku mbili, siku ya tatu akaacha kucheka. "Minza! Unakimbia au unafanya ziara?"

"Nasalimia, Afande."

"Wapungie mkono!"

"Mkono unapungia ndege."

"Basi piga kelele ukiwa mbioni! Shikamoo, unapita!"

Kabula alilifuata hilo. Alipita akipiga ukelele, shikamoo, shikamoo, huku na huku. Siku ya pili yake bibi mmoja wa Ibadakuli akaja kinuni kwa miguu, na fimbo yake, akamtaka Afande. Tulisikia yote kupitia bati. "Wewe ndiye mwenye yule msichana mrefu? Anapita kwangu anakemea kama anafukuza mbuzi. Kama kwao hawana wazee, aseme." Afande akaomba radhi, akamnunulia chai. Alipoingia kwetu alikuwa amechoka kabisa. Akasema, "Kabula unatukana watu. Minza unaniua. Dar es Salaam kuna wazee wengi kuliko Shinyanga nzima, nakwambia, na wote wanakaa barazani. Ukipiga goti huko utamaliza mwezi ujao."

Nilimjibu kwamba nitaangalia. Sikuwa na la kuangalia. Nilikuwa najua kwamba nikimwona mzee amekaa, goti linakwenda lenyewe.

Nguo za mbio alitushonea mke wa mwenye duka la vitambaa, Mhindi, mama mnene mwenye miwani aliyekuwa anakaa kwenye cherehani dirishani, tukimwita Mama Hansa. Afande alimletea mchoro wa bukta. Mama Hansa akautazama, akatutazama sisi, akasema, "Hii fupi. Hawa watoto ya watu," akatushonea za kitambaa cha marekani zinazofika magotini, pana, na juu yake kisketi cha kuzifunika. Hakuuliza tunataka au hatutaki. Nilimpenda sana siku ile. Viatu hatukuwa navyo, wala hatukuvitafuta.

Treni ilitubeba siku mbili, daraja la tatu. Sitaeleza njia nzima. Nakumbuka asali ya Tabora kwenye chupa zilizozibwa kwa gunzi, na kuku wa stesheni ya Saranda ambaye Afande alimnunua mmoja akamgawa vipande vitatu kwa haki, na Kabula akidai shingo si kipande. Nakumbuka joto la Morogoro, lile la maji maji linalokushika shingoni, ambalo kwetu halipo. Tulilala Chang'ombe kwenye madarasa ya shule, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, watu wa viwanda vya kila mkoa, kila mtu na lafudhi yake. Wale wa Arusha walikuwa na viatu vyenye misumari chini. Kabula alivishika akavigeuza, akaniambia kwa Kisukuma, "Hivi ni vya kulimia."

Mbio zilikuwa Jumapili. Ijumaa asubuhi Afande akasema tutakwenda njia nzima, polepole, tuijue. Akaazima baiskeli. Akatukaririsha kabla hatujatoka: Barabara ya Pugu, Gerezani, Msimbazi yote mpaka Zimamoto, hapo kushoto, Jangwani, Magomeni, tena kushoto, Kigogo, Ilala, nyumbani. Mimi darasa la pili nililiishia katikati, lakini njia nikiambiwa mara moja inatosha. Mchunga ng'ombe asiyejua njia hawi mchungaji, anakuwa mtu anayefuata ng'ombe.

Nilikuwa sijaona mji mkubwa. Mwanza nilikuwa sijafika. Watu hupenda niseme niliogopa. Nilifurahi. Barabara ya Pugu ilikuwa ya lami laini, na miguu yangu iliyozoea mawe na mbigili haikuamini, ikawa inakwenda yenyewe. Upande wa Gerezani tulikuta harufu ya mafuta na vyuma, wanaume wanagonga bati, wanaacha nyundo juu wanatutazama. "Oya, mnakimbizwa na nani?" "Na karani!" Kabula akawajibu, na kweli karani alikuwa nyuma na baiskeli. Msimbazi kulikuwa na watu kama pamba iliyomwagwa, mabasi, mikokoteni, wauza kahawa wanagonga vikombe, harufu ya nazi na ya samaki wa kukaanga, na wote wanatembea, kila mtu na safari yake, hakuna aliyekaa. Nikapita katikati yao nimenyoosha shingo. Nikajiambia, Afande alinitisha bure, mji huu wazee wake hawakai.

Hapo Kariakoo gurudumu la baiskeli likatoboka. Afande akaangalia huku na huku, akamwona fundi, akasema, "Tangulieni, msipoe. Nitawakuta Magomeni." Tukatangulia. Zimamoto tukaona magari mekundu, tukakata kushoto, tukashuka Jangwani kwenye bonde, tukapanda upande wa pili. Tukaingia Magomeni.

Magomeni walikuwa wamekaa. Nyumba zile ndefu za chumba huku na chumba huku, kila moja na baraza mbele, na kila baraza na watu wake. Wazee wa kanzu na bao. Mabibi wa kanga na vitumbua. Nyumba baada ya nyumba, pande zote mbili za barabara, mpaka macho yanapoishia. Nikasimama. Kabula akarudi nyuma hatua kumi. "Dada Minza, usianze."

Nikaanza. Baraza la kwanza kulikuwa na bibi anachoma vitumbua, mweupe, kibiongo kidogo, na wazee watatu nyuma yake. Nikapiga goti kwenye mchanga. "Shikamoo, bibi. Shikamooni, wazee."

Bibi akashtuka, kijiko kikamponyoka. "Marahaba... we mtoto, umeanguka?"

"Sijaanguka, bibi. Nasalimia."

"Ndiyo salamu hiyo? Inuka, mwanangu, inuka, utachubuka! Mnatoka wapi nyie?"

"Shinyanga."

"Mmekimbia kutoka Shinyanga?" Mzee mmoja akauliza, na hakuwa anatania. Kabula akaangua kicheko akakaa chini kabisa.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu, na naona fahari kusema ilikuwa yangu, hakunipa mtu. Nikabaki pale pale kwenye goti nikasema, "Bibi, Jumapili tutapita hapa tena, mbio za kweli. Nikisimama kukusalimia, nitashindwa, na nikishindwa nakosa kazi, narudi kwenye jembe. Nikikupita kimya, nitakuwa nimekukosea. Sasa naomba nikupe shikamoo mbili leo. Moja ya leo, na moja ya Jumapili, uniwekee."

Bibi akanitazama. Nilidhani atacheka, watu wa pwani wanapenda kucheka. Akafuta mikono kwenye kanga. "Haya. Lete ya Jumapili."

"Shikamoo, bibi."

"Naiweka. Ukipita usinitazame hata kidogo, wewe kimbia." Akageuka. "Mzee Saidi, sogea upewe yako!"

Tukaenda hivyo. Baraza la pili, la tatu, la kumi. Nilikuwa nakimbia hatua ishirini, napiga goti, naeleza, naweka shikamoo ya Jumapili, naondoka. Kabula alinuna kidogo, ikapita. Baraza la tano akawa ndiye ananitangulia, anapiga makofi, "Wazee wetu, huyu dada yangu ana deni la heshima, anakuja kulilipa mapema! Asiyetaka aseme sasa!" Wakacheka, wakaitana. Mmoja alitutania, "Na mkimaliza huku mkaweke na Kinondoni." Mabibi walitupa maji, walitupa vitumbua, mmoja akanipaka mafuta magotini kwa sababu yalikuwa yanatoka damu. Nilisimuliwa ya watoto wao, ya miguu yao, ya mkwe asiyejua kupika. Nilijibu yote. Mvua huko kwenu imenyesha? Haijanyesha, bibi, tunakula unga wa njano. Pole, mwanangu. Tukakata kushoto, tukaenda vivyo hivyo Kigogo, mpaka karibu na Ilala ambako nyumba zinaanza kuwapa watu mgongo.

Tuliporudi Chang'ombe saa za adhuhuri zilikuwa zimepita. Tulikuwa tumetoka saa kumi na mbili. Afande alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa ameshika kichwa. Alikuwa ametupitia Magomeni tukiwa ndani tunapakwa mafuta, akaenda mpaka Ilala, akarudi, akaenda polisi. Aliinuka. "Mlipotea!"

"Hatukupotea, Afande."

"Saa saba! Njia ya saa moja na nusu! Mlipotea!"

"Tulikuwa tunasalimia."

Alinitazama, nikaona hataki kulisikia hilo. Angeandika nini kwenye ripoti yake, kwamba wakimbiaji wa Shinyanga wameusalimia mji? Akasema, "Mlipotea. Nendeni mkale." Na hivyo ndivyo alivyosema kinuni, na hivyo ndivyo ilivyofika Chato kwenye ungo wa mchele.

Jumapili tulipangwa barabarani, wanaume mbele, wanawake nyuma, tukihesabiwa peke yetu. Sikuwahesabu lakini tulijaa barabara. Bunduki ikalia. Kabula akaondoka kama alivyo, mdomo wazi, akapotea mbele. Mimi nilikwenda mwendo wa ng'ombe wanaokwenda maji, wa haraka usio na pupa. Magoti yalikuwa yameota magamba, yakaanza kukatika hapo Gerezani, nikayaacha yakatike. Zimamoto kulikuwa na bwana mwenye kipaza sauti anahesabu wanawake. Nikamsikia, "Wa kumi na nne!" Ndio mimi. Nikashuka Jangwani nikiwa najua hesabu hiyo, kumi na nne, jembe. Joto lile la maji likanishika. Nikamwona wa kumi na tatu, msichana wa Arusha na viatu vyake, sikumfikia. Kilima cha kutoka Jangwani si kilima, lakini siku ile kilikuwa.

Nikiwa katikati yake nikaanza kusikia sauti mbele. Nilidhani wanamshangilia mtu wa kwao. Nikapanda, nikaingia Magomeni, nikawaona wamesimama. Wazee walikuwa wamesimama kwenye mabaraza yao, pande zote mbili. Baadaye ndipo nilipojua ni kazi ya Kabula. Alipopita mbele walimwita yeye, naye akawapigia kelele, "Si mimi! Wa salamu yuko nyuma, anakuja!" Wakaningoja. Bibi wa vitumbua alikuwa wa kwanza, kijiko juu. "Marahaba!" Mimi sikuwa nimesema kitu. "Marahaba, mwanangu! Marahaba, Shinyanga!" Na baraza la pili, "Marahaba!" Na upande wa pili, Mzee Saidi na wenzake wa bao, "Marahaba, marahaba, pita!" Barabara nzima, sauti za wazee, zile nene na zile nyembamba zinazotetemeka, zinaniitikia. Mabaraza yote niliyopigia goti Ijumaa yaliniitikia. Niliambiwa nisitazame, nikatazama. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema, na miguu ikawa kama ya asubuhi ile ya Ijumaa, haigusi. Yule wa viatu nilimpita hata simkumbuki. Nikampita mwingine kwenye kona, na wengine watatu, na wa sita Kigogo. Bwana mwingine wa kipaza sauti akasema, "Wa nane!"

Wa nane. Nikauona ufunguo. Nilibakiza Ilala na nyumbani.

Na hapo Ilala, nyumba ya kwanza baada ya daraja, mzee amekaa mlangoni kwenye kiti cha kamba na redio mapajani. Ijumaa hakuwapo. Mlango ule ulikuwa umefungwa, nakumbuka vizuri, ulikuwa wa kijani. Alikuwa peke yake, na alikuwa ananitazama moja kwa moja. Nasikia nyuma yangu miguu ya watu, sijui wawili, sijui watatu.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Afande aliniuliza kwa kelele, mkubwa wa kinu aliniuliza kwa kucheka, wanangu wameniuliza. Sikuwa na hesabu yoyote kichwani. Watu wazima wa mtaa mzima walikuwa wametoka kunisimamia kwa sababu ya shikamoo. Ningempitaje huyu? Nikasimama, nikapiga goti kwenye lami, ngozi iliyobaki ikaenda. "Shikamoo, baba."

Mzee akakurupuka redio ikaanguka. "Marahaba! Marahaba, mwanangu, we nenda! Nenda bwana, wanakupita hao!"

Wawili walikuwa wameshanipita. Niliinuka, wa tatu akawa begani kwangu, tunapumua pamoja. Kutoka pale mpaka Chang'ombe sikumpa nafasi hata ya mkono. Mlangoni pa shule, mbio zilipoishia, walikuwa wanagawa vipande vya bati vyenye namba. Kabula alikuwa amesimama na cha kwake, cha tano, amekishika kama sahani. Nikanyoosha mkono. Nikapewa cha kumi.

Afande alikaa chini kwenye nyasi. "Minza," akasema, "Minza, Minza."

Kazi nilipewa, na Kabula alipewa. Chumba chetu kilikuwa na funguo mbili, na mimi wa kwangu niliufunga kwenye pindo la kanga, na siku ya kwanza nilifunga mlango na kuufungua mara nne nikiwa sina pa kwenda. Nilifanya kazi kinuni mpaka kilipofungwa. Nilipokwenda nyumbani likizo ya kwanza, nilimwambia kaka yangu ateremshe jembe ampe mkewe, lile lilikuwa zima. Akaliteremsha mwenyewe. Kile kipande cha bati ninacho, kimeshika kutu, namba yake inasomeka.

Kabula aliolewa Chato na mvuvi, hatukuonana kila mwaka. Lakini tulipoonana, hata kama ni stendi katikati ya watu, hata mbele ya wakwe, yeye ndiye alikuwa anaanza, kwa sauti ya juu, kabla sijafungua mdomo. "Marahaba!" Mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Nami namwambia, huna adabu, hujanipa shikamoo yangu hata siku moja. Anacheka, anasema, utaipata Jumapili.

Jumanne, walipomaliza kufukia, niliwaomba wanisubiri. Goti hili sasa lina ugonjwa, hospitali ya Geita wamenikataza hata kuchuchumaa. Mjukuu wangu akanishika mkono, nikamwambia aniachie. Nikalipiga pale, kwenye udongo mbichi. Nikasikia minong'ono nyuma, mkubwa anampigiaje goti mdogo, na yule mkwe wake akawanyamazisha.

"Shikamoo, Kabula," nikasema. Nikakaa hapo mpaka nilipokuwa tayari kuinuliwa.